Ukoka Uliolazwa

Ipo nchi moja ambayo mchora ramani aliisahau. Wenyewe walipopewa nafasi ya kulalamika wakaunda kamati ya kulichunguza lalamiko, kamati ikaomba gari, gari likaomba dereva, dereva akaomba posho, na ramani ikachapishwa hivyo hivyo. Jina lake rasmi ni Jamhuri ya Tutalitazama. Ni nchi yenye amani, watu wake ni wapole, na viongozi wake hawajawahi kukosea hata mara moja. Hilo la mwisho lina ushahidi, kwa sababu waliulizwa wenyewe.

Katika nchi hiyo aliishi mama mmoja mkandarasi wa bustani, Bi Sikitu. Mali yote ya ukandarasi wake ilikuwa toroli moja, reki mbili, mafyekeo ya kukatia, mpira wa maji wenye viraka vitatu na mafundi wawili wa makamo waliokuwa wakigombana tangu ujana wao bila kukumbuka chanzo. Kwa miaka kumi na mmoja Bi Sikitu aliutunza ukoka wa mbele ya Ikulu. Aliupanda yeye, shina kwa shina, kapiga magoti kuanzia geti hadi ngazi, mwaka ule Mtukufu Kiongozi alipoona kwamba ardhi tupu inamharibia picha. Aliupenda ukoka ule. Hakuwa na haya kusema hivyo, na mafundi wake walishamzoea kumkuta akiuamkia asubuhi.

Namna yake ya kupanga bei ilikuwa ya kizamani. Ukimwita aje kwako, anavua viatu mlangoni, anaingia bustanini pekupeku, anatembea huku na huku akihesabu hatua kwa midomo. Anainama, anavuta kishungi cha nyasi, anakinusa, anakirudisha mahali pake. Halafu anataja kiasi. Unamwomba apunguze, anapunguza kidogo, unamwongezea kazi ya kukata kingo, mnacheka, mnamaliza. Mambo haya yote hayachukui muda wa kunywa kikombe cha chai, na ndiyo sababu serikali haikuweza kuyaelewa.

Mwezi mmoja baada ya masika upande wa kushoto wa ukoka wa Ikulu ulianza kupauka. Bi Sikitu akavuta kishungi, na kishungi kikaja na kipande kizima cha ukoka, chepesi, kama mtu anayenyanyua mkeka. Chini yake walikuwa wamejikunja funza weupe, wanono, wasio na wasiwasi wowote. Mizizi ilikuwa imeliwa. Alikaa chini pale pale akapiga hesabu: wiki tatu. Zikipita wiki tatu bila dawa, upande wa kulia nao utaliwa, na ukoka mzima hautarudi tena.

Dawa aliijua. Maji ya mwarobaini, samadi iliyooza vizuri, na siku sita za kumwagilia kabla jua halijapanda. Akachana karatasi kwenye daftari la mjukuu wake akaandika: "Kutibu ukoka, upande wa kushoto. Dawa na kazi. Dafu elfu arobaini." Dafu ndiyo fedha ya nchi ile. Akaikunja, akaipeleka kwa Bwana Tenganamba, Katibu Mkuu wa Wizara ya Mandhari na Mwonekano.

Bwana Tenganamba aliisoma karatasi, akaigeuza, akaangalia nyuma, akaitikisa kidogo ili kama kuna nyingine imenatana nayo idondoke. Haikudondoka nyingine.

"Mama, bei iko wapi?" akauliza.

"Ndiyo hiyo, mheshimiwa. Elfu arobaini."

Kwa upole wa mtu aliyesoma nchi za mbali, Bwana Tenganamba akamweleza kwamba hiyo ni namba, bado haijawa bei. Bei ya serikali ina kurasa. Ina utangulizi, ina viambatanisho, ina mahali pa kuweka muhuri, na lazima isomwe na watu wasiopungua saba ambao nao wana bei yao ya kusoma bei. Zaidi ya yote, bei inayoweza kutamkwa kwa pumzi moja ni bei ya sokoni, na Ikulu haijawahi kwenda sokoni.

Kisha akainuka, akafunga mlango, akashusha sauti. Akamuuliza Bi Sikitu kama ana ugomvi wowote na serikali. Bi Sikitu akasema hana. Basi kwa nini, akauliza Bwana Tenganamba, anataka kuwachongea watu? Kwenye bajeti ya taifa ukoka ule ulikuwa na fungu lake, na lilikuwa dafu milioni tisini kila mwaka. Wananchi wakisikia kwamba unatibiwa kwa elfu arobaini wataanza kuuliza maswali, na maswali yana tabia ya kutoishia pale yalipoanzia.

"Sasa nifanye nini, mheshimiwa? Unakufa."

"Usife moyo," akasema Bwana Tenganamba. "Bei tutaitafuta. Serikali hii haijawahi kushindwa kupata bei kubwa."

*

Wiki hiyo hiyo likaitishwa Kongamano la Kitaifa la Kuitafuta Bei ya Kutibu Ukoka. Lilifanyika katika hoteli ya mji mwingine, kwa kuwa katika mji mkuu washiriki wangelala majumbani mwao na kukosa posho ya kulala. Wakandarasi wote wa bustani nchini walialikwa watoe uzoefu wao, na Bi Sikitu akawekwa kiti cha nyuma, karibu na mlango wa jikoni.

Aliyefungua pazia ni Bwana Chambuso, mkandarasi mwenye magari manne yaliyochorwa majani ubavuni. Huyu alisema wazi kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuziangalia nyasi za mteja. Anaangalia ukuta. Ukuta ukimfika kiunoni ni bei ya jirani. Ukimpita kichwa, bei inaupita ukuta. Ukiwa na nyaya za umeme juu yake, anapiga kwanza simu nyumbani kuuliza mahitaji ya mwezi. Ukumbi ukapiga makofi, na waandishi wa kumbukumbu wakaandika kwamba hiyo ni Nadharia ya Ukuta.

Mwingine akasimama akasema yeye huangalia mbwa. Mbwa akiwa mwembamba, mwenye nyumba ataomba kupunguziwa. Akiwa na mbwa anayekula nyama ya buchani, bei haina haja ya kuelezwa. Wa tatu alikuwa msomi, akaleta michoro. Kwa kifupi alisema bei sahihi ni ile aliyolipa mtu wa nyumba ya pili, ukajumlisha kitu kidogo cha heshima ili huyu wa sasa asijione mnyonge mbele ya jirani yake. Akaulizwa mtu wa nyumba ya pili yeye bei yake ilipatikanaje, akajibu kwamba utafiti unaendelea.

Ilipofika zamu ya Bi Sikitu aliulizwa naye huangalia nini.

"Naangalia nyasi," akasema.

Kicheko kilichotoka kiliwafanya wapishi wachungulie. Mwenyekiti aligonga meza akawataka wajumbe wawe na adabu, kisha akamwomba mama asitoke nje ya mada. Bi Sikitu akakaa chini. Moyo ulimuuma, lakini aliyekuwa akimfikiria wakati ule ni ukoka, ambao siku hiyo ulitimiza siku ya nane bila tone la dawa.

Siku ya mwisho ya kongamano, wakati azimio la kuitisha kongamano lingine limekwisha kuandikwa, mwanasheria mmoja wa serikali aliomba kuiona ile karatasi ya daftari. Akaisoma mara mbili. Akavua miwani. Akasema anashangaa kikao kizima cha watu wazima hakijaliona neno lililo mbele ya macho yao. Mama huyu hakuandika kupalilia, wala kufyeka, wala kumwagilia. Ameandika *kutibu*. Na kwa mujibu wa sheria za nchi, anayetibiwa ni mgonjwa, na mgonjwa ni wa Wizara ya Afya.

Bi Sikitu alitaka kusema kwamba watu wote wa kazi yake husema hivyo, kutibu nyasi, kutibu udongo, na hajawahi kusikia udongo umepelekwa kwa daktari. Lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshachukuliwa.

*

Wizara ya Afya ilimleta Dakta Shekivuli, mtu mrefu, msafi, mwenye kalamu tano mfukoni ambazo nne hazikuandika. Alifurahi sana kupewa mgonjwa wa Ikulu. Alieleza kwamba kwake bei ni jambo rahisi, kwa sababu hospitali haitozi kwa eneo, inatoza kwa kichwa. Kilichobaki ni kujua wagonjwa wako wangapi.

Ndipo ikafanyika sensa ya majani. Makarani mia mbili walipewa vizibao vya rangi ya machungwa, mabuti mapya na daftari moja moja, wakaingia kwenye ukoka wa Ikulu kuhesabu jani moja baada ya jingine. Walihesabu siku tatu. Upande wa kulia, ambao funza walikuwa bado hawajaufikia, ulikanyagwa ukalala chali, na makarani wakaandika kwamba wagonjwa wa upande huo wanaonyesha dalili za uchovu. Jumla ikatangazwa redioni: majani milioni sita, laki nne na kumi na mbili elfu, na tisa. Mawili hayakuhesabiwa kwa kuwa hayakukutwa nyumbani.

Kila jani likapigiwa hesabu yake ya kadi, ya kumwona daktari, ya kitanda na ya shuka. Dakta Shekivuli alipomaliza kujumlisha, karatasi zilifungwa kwa kamba na kubebwa na watu wawili. Bwana Tenganamba aliupokea mzigo ule kwa mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga. Hiyo sasa, alisema, ndiyo bei.

Matibabu yangeanza kesho yake kama si ile fomu. Ilikuwa fomu ya kawaida ya kumlaza mgonjwa. Jina: Ukoka. Umri: miaka kumi na mmoja. Kazi: kulala mbele ya Ikulu. Yote yalijazwa bila tatizo mpaka kwenye mstari ulioandikwa Ndugu wa Karibu. Hapo kalamu ya Dakta Shekivuli, ile inayoandika, ikasimama.

Kila mtu katika nchi ile anajua kazi ya ndugu wa karibu. Ndiye anayetumwa duka la nje hospitali ikikosa sindano, ndiye anayeleta uji, ndiye anayefokewa na nesi wa zamu. Bwana Tenganamba alisema mgonjwa anamfahamu kwa sura tu. Bwana Chambuso, ambaye alikuwa amekwisha kupewa kazi ya kupeleka mashuka, alisema kwao hawana watu wa rangi ile. Msemaji wa Ikulu alitoa taarifa kwamba Mtukufu Kiongozi anawapenda wananchi wote kwa usawa na hivyo hana ndugu wa karibu zaidi.

Bi Sikitu alikuwa amesimama nyuma ya kamba waliyozungushia bustani. Akainama akapita chini yake.

"Niandikeni mimi," akasema. "Huyu nimemlea."

Wakamwandika, akatia sahihi, na ukoka ukalazwa rasmi. Kwa kuwa ulikuwa umelala tayari, sherehe ilikuwa fupi. Pakasimikwa kibao chenye saa za kuwaona wagonjwa, kumi hadi kumi na moja jioni, na onyo kwamba ni marufuku kumletea mgonjwa dawa kutoka nje. Dawa ya ndani ilikuwa imeagizwa. Mashuka milioni sita yalikuwa yanashonwa.

Basi kila siku saa kumi Bi Sikitu alikwenda kumwona mgonjwa wake. Alisimama nyuma ya kamba akiwa na ndoo ya maji ya mwarobaini aliyoifunika kwa khanga, na kila siku askari aliifunua akamrudisha na ndoo yake. Aliona weupe ukisogea hatua moja, kesho yake mbili. Siku ya kumi na tisa alilia mbele ya yule askari, kilio cha wazi, bila kuficha uso. Askari naye alikuwa na mama, akatazama pembeni.

Siku ya ishirini hakuja na ndoo. Alikuja na toroli, mafundi wake wawili na sauti tofauti, akaomba kumwona Dakta Shekivuli. Alimwambia kwamba yeye ni ndugu wa karibu, sahihi yake ipo, na kwamba ndugu wamekaa wakaafikiana wamtoe mgonjwa wao wakamtibu nyumbani kwa dawa za kienyeji.

Dakta Shekivuli alishtuka, lakini hakuwa na la kufanya. Jambo lile lilikuwa la kila siku katika wodi zake. Ndugu wakishaamua kumtoa mgonjwa wao hakuna daktari wa kuwazuia, kuna fomu tu. Akamwonya kwamba hospitali haitahusika na lolote. Bi Sikitu akamshukuru, akasema hilo amelizoea.

Ukoka usio na mizizi hunyanyuka bila ubishi. Waliukunja vipande vipande, wakang'uta funza, wakapakia toroli safari ishirini na saba, wakateua kila shina lililobaki na fundo la kijani. Mbele ya Ikulu pakabaki ardhi nyekundu, kamba, na kile kibao cha saa za kuwaona wagonjwa.

*

Nyumbani kwa Bi Sikitu hapakuwa na uwanja wa kutosha hata kuanika khanga mbili. Akauomba uwanja wa zahanati ya mtaa wao, mahali penye vumbi ambapo kina mama huketi na watoto wachanga wakisubiri kliniki. Nesi wa pale alikubali upesi kabla hajatokea mtu wa kumkataza. Mashina yakafukiwa, maji ya mwarobaini yakamwagwa, samadi ikatandazwa, na kina mama wakawa wanakuja na madumu yao bila kuambiwa.

Baada ya miezi miwili ukoka ulikuwa umefunga. Ulikuwa mzito, baridi chini ya nyayo, wa rangi ile iliyokuwa ikimfanya Bi Sikitu aamke mapema. Watoto walijifunza kutambaa juu yake. Mama mmoja aliyeitwa Mama Tunu, mwenye mtoto mnene na maneno machache, alichagua pembe yake akawa haketi kwingine. Bi Sikitu alipowaona hivyo alijisikia raha ambayo Ikulu haikuwahi kumpa kwa miaka kumi na mmoja, kwa maana kule hakuna aliyeruhusiwa kuketi.

Haikuchukua muda kwa habari kufika juu. Mtukufu Kiongozi alikuwa anatarajia mgeni, mkuu wa nchi jirani ambaye alisifika kwa bustani zake, na mbele ya Ikulu palikuwa na vumbi. Bwana Tenganamba alitaka kuununua ukoka urudi. Mwanasheria yule yule akamzuia. Kwenye jalada la Wizara ya Afya ukoka ni mgonjwa mwenye kadi, umri na ndugu, na katiba inakataza kununua watu. Ilikuwa moja ya ibara chache zilizokuwa zikiheshimiwa, wakati wa mchana angalau.

Bwana Tenganamba akaona dunia imemgeuka. Akauliza kama hakuna kabisa njia halali ya kumtoa mtu kwao, ukawapa wenyewe kitu, na usiite kitu hicho bei. Mwanasheria akafikiri. Akasema ipo. Tena ni ya mila, haihitaji zabuni.

Siku ya Jumatano asubuhi msafara wa magari tisa ukasimama mbele ya zahanati. Bwana Tenganamba alishuka katika kanzu ya kuazima iliyomburuza, akifuatwa na Dakta Shekivuli na wajumbe sita, mmoja kabeba sinia lililofunikwa kitambaa. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki yenye muhuri. Ilikuwa barua ya posa. Serikali ya Jamhuri ya Tutalitazama ilikuwa imemwona mwari katika nyumba hii, imempenda, na inaomba kujenga undugu.

Bi Sikitu aliwakaribisha kwenye benchi la kupimia uzito, akaagiza chai. Hakuwa mtu wa kuvunja adabu ya posa hata mposaji awe kichaa. Akilini alikuwa amekwisha kupanga atakachosema. Atataja mahari ambayo serikali haitaiweza, atataja kisima, barabara, dawa za zahanati mwaka mzima, na wao watarudi walikotoka. Lakini alipofungua kinywa, Bwana Tenganamba akainua kiganja. Alikuwa ameelekezwa vizuri. Mahari, akasema kwa unyenyekevu, ni haki ya mwari mwenyewe. Mwari ndiye wa kuulizwa.

Akatoka kivulini, akakusanya kanzu yake, akachutama pembeni mwa ukoka. Mwandishi wa kumbukumbu akachutama nyuma yake.

"Mwari, umeridhia?"

Ukoka ulinyamaza. Akauliza mara ya pili, akauliza mara ya tatu, kila mara akisubiri kama inavyotakiwa. Kwa mila ya watu wale, mwari akinyamaza ameridhia. Wakaandika: ameridhia.

"Na mahari yako, mwanangu, unataka nini?"

Upepo ulipita kidogo, lakini hilo halikuwa jibu. Wakaandika: hataki kitu. Bwana Tenganamba akainuka akipangusa magoti, uso unang'aa. Baada ya kongamano, sensa na mzigo wa karatasi wa watu wawili, serikali ilikuwa imeipata bei yake, nayo ilikuwa bure. Wajumbe wakapongezana. Sinia likafunuliwa, lilikuwa na vijitabu vya hotuba za Mtukufu Kiongozi.

Bi Sikitu alijiona mjinga, amewakaribisha mwenyewe, amewapa chai.

"Mheshimiwa," akasema, "huyo hana mdomo."

"Mama," akajibu Bwana Tenganamba bila ubaya wowote, "wasio na mdomo ni wengi katika nchi hii, na mambo yanakwenda."

Akawapungia vibarua waliokuwa magarini. Wakashuka na sepetu kumi, wakasogea, wakasimama. Ilikuwa siku ya kliniki. Juu ya ukoka walikuwa wameketi wanawake thelathini na mmoja, miguu wameinyoosha, watoto mapajani. Bi Sikitu aliwatazama, wao wakatazama watoto wao. Hakuna aliyekuwa amewaambia kitu. Mama Tunu alimhamisha mtoto titi la pili, akajiweka sawa.

Bwana Tenganamba aliwaomba wainuke kwa niaba ya taifa. Hawakujibu. Akawaambia kwamba wanatakiwa kuridhia kuinuka, je wameridhia? Kimya. Akauliza mara ya pili, akauliza mara ya tatu, na safari hii jasho lilimtoka. Mwandishi wa kumbukumbu akasubiri, kalamu juu.

"Andika," akasema Bwana Tenganamba. "Wameridhia kuinuka."

"Lakini wamekaa, mheshimiwa."

Bwana Tenganamba aliliona hilo. Aliona pia lililokuwa nyuma yake, kwa kuwa hakuwa mpumbavu, alikuwa mtumishi wa umma tu. Akisema kwamba kimya cha wanawake hawa si kuridhia, basi cha ukoka nacho si kuridhia. Na kama cha ukoka si kuridhia, itabidi mambo mengi katika Jamhuri ya Tutalitazama yaulizwe upya, kuanzia kodi ya chumvi hadi uchaguzi wa mwaka juzi. Alichungulia hapo kwa muda mfupi, akarudi nyuma haraka.

"Andika," akasema tena, taratibu. "Wameinuka. Ukoka umepokelewa Ikulu ukiwa na afya njema, pamoja na vyote vilivyo juu yake."

Mwandishi akaandika. Kwa kuwa alikuwa mtu makini, alipita mstari kwa mstari akiwauliza kina mama majina, akayaorodhesha yote thelathini na moja na ya watoto, akampa Bwana Tenganamba atie sahihi, akagonga muhuri. Sepetu zikarudi garini bila tope. Siku ya mgeni, wenyeji walimzungusha kwenye ardhi nyekundu wakimwomba asikanyage kijani, na mgeni, ambaye naye kwao alikuwa na mambo yake, alisifu sana.

Mwezi uliofuata chanjo za watoto wa mtaa ule hazikufika zahanati. Nesi alipofuatilia, akaonyeshwa orodha. Watoto wale walikuwa wamehamia Ikulu, sahihi ipo, muhuri upo, na chanjo zao zilikuwa zimepelekwa huko huko kwenye makazi yao mapya. Nesi akarudi akawaambia kina mama. Bi Sikitu alikuwa anamwagilia. Akafunga bomba, akajifuta mikono.

Hawakufanya mkutano. Walifunga watoto mgongoni wakaenda kwa miguu, Bi Sikitu mbele, mpaka geti la Ikulu. Askari aliyekuwa zamu akawauliza wao ni nani.

"Wakazi," akasema Mama Tunu.

Askari akachukua orodha, akasoma jina moja moja, akalinganisha na uso mmoja mmoja. Kila kitu kilikuwa sawa. Akafungua milango yote miwili ya geti, na wanawake wakaingia, wakapita chini ya kamba, wakakaa kwenye ile ardhi tupu chini ya dirisha la Mtukufu Kiongozi, wakaanza kushusha watoto mgongoni.

Bwana Tenganamba alikuja mbio, tai begani. Aliwatazama, akaitazama orodha yenye sahihi yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kazini akaliuliza swali la kizamani, lile la mtu aliyesimama mlangoni anataka mambo yaishe kabla chai haijapoa. Akawauliza wanataka nini ili waondoke.

Wanawake thelathini na mmoja wakafungua midomo wakaanza kumtajia, wote kwa pamoja, na mwandishi wa kumbukumbu akaomba karatasi zaidi.